Nikeli ya kijiko na nikeli ya betri

Jioni moja barazani mzee mmoja aliniuliza: "Hiyo nikeli ya Tanzania wanayoitangaza redioni kuwa ni ya betri za magari, si ndiyo iliyo kwenye vijiko vya stenlesi?" Nikamjibu ni hiyo hiyo, tofauti ni usafi. Hakuridhika, na kusema kweli jibu langu lilikuwa fupi mno.

Sehemu kubwa ya nikeli duniani huishia kwenye stenlesi. Huko, nikeli ikija imechanganyika na chuma si neno, kwani chuma kitatiwa tu. Viwanda hutumia hata chuma ghafi chenye nikeli asilimia 10 hivi, na sinki likatoka liking'ara.

Betri haikubali hayo. Ndani ya betri ya lithiamu, nikeli hukaa upande wa chanya pamoja na kobalti na manganisi. Kadiri inavyozidi, betri ya uzito ule ule hubeba umeme mwingi zaidi, na kobalti, ambayo ni ghali na hutoka zaidi Kongo, hupunguzwa. Iko aina ambayo kwa kila sehemu 10 za madini hayo, 8 ni nikeli. (Betri nyingi za sola tunazouziwa siku hizi hazina nikeli kabisa. Ni za chuma na fosfati, nzito kidogo lakini hudumu.)

Sasa chembe ya chuma au shaba ikijipenyeza humo, huyeyuka upande wa chanya, husafiri katika majimaji ya betri na kuganda upande wa hasi. Hapo huota polepole kama mwiba. Mwiba ukitoboa utando unaotenganisha pande mbili, umeme hukutana ndani kwa ndani: betri huisha chaji ikiwa imelala tu, au hupata joto hadi kuwaka.

Ndiyo maana nikeli ya daraja la kwanza ni ya usafi wa asilimia 99.8 kwenda juu. Watengenezaji betri huitaka kama sulfati, chumvi ya kijani, na uchafu wake hupimwa kwa sehemu katika milioni. Madini huyeyushwa kwa tindikali, chuma hutolewa, shaba hutolewa, kobalti hutengwa ikauzwe kivyake, kisha chumvi huachwa igande. Kazi hii ni ya kemia na umeme, si ya sururu, na pesa nyingi ziko hapo.

Indonesia ililiona hilo. Januari 2020 ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi, viwanda vikahamia kwake, ingawa misitu na moshi wa makaa ya mawe vimekuwa gharama yake. Tanzania nayo ina Kabanga, wilayani Ngara karibu na mpaka wa Burundi, na mpango uliotangazwa ni kusafishia Kahama.

Mzee wangu ni mtu wa Kwale. Ameona mchanga wa titani ukipakiwa melini Likoni tangu 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ulitenganishwa hapa, rangi ikatengenezwa ng'ambo. Nilipomtajia Kahama, aliuliza moja tu: "Hicho kiwanda kinajengwa kabla ya shimo, au baada?"