Dirisha la Muuguzaji

Mama anayeishi Kabingo, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akiandikiwa rufaa ya kumpeleka mtoto Mbarara, kabla ya sufuria na blanketi hushika daftari. Ni daftari la shule tu, limefungwa kwenye kavera la plastiki lisilowe. Jalada lina jina la mtoto, na ndani mna mwandiko wa kila mganga aliyemwona: tarehe, joto la mwili, dawa. Mtoto akilazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, faili la wadi hukaa mezani kwa wauguzi. Daftari hurudi chini ya mto.

Jamaa zetu waliohamishiwa Marekani husimulia habari nyingine kwa simu. Mtoto akilazwa huko, mzazi hupewa neno la siri, akafungua simu na kusoma majibu ya maabara, dawa na maelezo ya daktari. Akiwa na swali, huliandika hapohapo. Programu inayotajwa sana ni MyChart, ya kampuni ya Epic. Tangu Aprili 2021 kanuni ya serikali inakataza hospitali kuzuia taarifa hizo bila sababu inayokubalika, kwa hiyo mara nyingi mzazi huyaona majibu kabla daktari hajafika kitandani.

Kwa Kiingereza kitu hiki huitwa potali, neno lenye asili ya Kilatini, porta, yaani lango. Ndiyo maana wengi hufasiri "lango la mgonjwa". Mimi silitaki. Lango la hospitali tunalijua: pana askari, pana saa za kuona wagonjwa, na ndipo baba aliyetoka mbali na chakula mkononi huambiwa asubiri. Afadhali dirisha. Hospitalini kila mtu analijua, liwe la dawa, la malipo au la maabara. Unasimama, unataja jina, unapewa kilicho chako, na usipoelewa unauliza. Tena dirishani huoni chumba kizima, na potali nayo haionyeshi faili lote.

Ila dirisha la nani? Mtoto wa miaka 3 hasomi. Kwenye potali mzazi huandikwa kama mwakilishi, kana kwamba ametumwa mahakamani. Kiswahili kina tendo lake kamili: mtoto anaugua, mama anauguza. Ukimuuliza mtu mbona huonekani siku hizi, akajibu "nauguza", huhitaji maelezo zaidi. Muuguzi tumwachie aliyesomea kazi hiyo. Anayelala sakafuni kando ya kitanda ni muuguzaji. Wakongo wengi hapa husema gadi-maladi, kwa Kifaransa, na Waganda husema mujanjabi. Lugha nyingi za kambini zina neno la mtu huyu.

Jina la muuguzaji linalazimisha kazi. Tuseme majibu yanasomeka hemoglobini 6.1. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, chini ya 7 ni upungufu mkali wa damu. Malaria huufikisha huko upesi. Daktari akiiona namba hiyo hupima kama damu ya kuongeza inahitajika. Dirisha la muuguzaji halina budi kuandika "damu imepungua sana" kando ya namba, kwa lugha ya mama. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini kwenye daftari la chini ya mto bado ni Kiingereza kitupu.

Simu nayo ina mambo yake. Hapa moja hutumiwa na nyumba nzima, hata jirani, na majibu mengine, kama ya VVU, si ya kila jicho. Marekani, hospitali nyingi hupunguza anachokiona mzazi mtoto akifika miaka 12 au 13 hivi, ili kijana awe na faragha yake. Kwetu kila anayeuguza angepaswa kupewa neno lake la siri, hata kama simu ni ileile.

Na ukurasa wa kuingilia dirishani usiulize "mgonjwa au mwakilishi". Uulize kama tunavyoulizana benchini pale wadini: unaumwa, au unauguza?