Ini Jipya, Figo Zilezile

Historia ya kupandikiza ini husimuliwa sana kama hadithi ya kisu na daktari shujaa. Mwaka 1963, mjini Denver, Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumwekea binadamu ini la mtu mwingine. Mgonjwa, mtoto mdogo, alifia thieta. Mwaka 1967 ndipo alipata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Mimi nikisoma hadithi hii, jicho langu huteleza hadi kwa figo. Hizo ndizo zimekuwa zikilipa bili.

Mwili ukiwekewa kiungo kigeni hukipiga kama mwizi aliyeruka ukuta. Miaka ya 1970, kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilipata kwa kuvu wa udongo wa Norway kitu cha kutuliza hasira hiyo: saiklosporini. Roy Calne akaanza kuwapa wagonjwa dawa hiyo kule Cambridge mwaka 1978. Kufikia 1983 Marekani ilikuwa imeiidhinisha, na kupandikiza ini kukaanza kuitwa tiba, si majaribio. Shangwe kibao. Lakini Calne alikuwa ameshaona tatizo: dawa yenyewe hubana mishipa midogo ya figo, na miaka ikisonga, makovu hubaki. Takrolimu, iliyoifuata, ikaja na tabia ileile.

Sasa ongeza homa ya ini ya C. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo ugonjwa uliitwa tu "si A, si B". Huharibu ini polepole, ila haviishii hapo. Kinga ikipambana navyo, mabonge ya protini huweza kukwama kwenye vichujio vya figo. Na mtu akipandikizwa ini virusi vikiwa bado kwa damu, vililivamia lile jipya pia karibu kila mara. Basi wengi waliingia thieta na figo zilizochoka, wakatoka na dawa ya kuzichosha zaidi.

Mwaka 2003 utafiti wa Marekani ulihesabu watu 69,321 waliopandikizwa viungo vingine mbali na figo. Kwa waliopata ini, karibu 18 kwa kila 100 walikuwa na figo zilizofeli vibaya ndani ya miaka 5. Kuwa na homa ya C kuliongeza hatari hiyo. Na figo zikifeli, hatari ya kufa ilizidi mara nne.

Halafu, Desemba 2013, Marekani ikaidhinisha sofosbuviri, kidonge cha kufuta virusi. Bei: dola 84,000 kwa wiki 12. Hapo ndipo mimi hukasirika. Dawa hiyo hutolewa mwilini kupitia figo, kwa hivyo wenye figo mbovu kabisa hawakuwa na kipimo kilichopendekezwa hadi 2019. Waliobeba mzigo mkubwa zaidi wakaambiwa wangoje tena.

Leo vidonge vya bei nafuu vipo. Akipimwa na kutibiwa mapema, mtu anaweza kuepuka kabisa foleni ya ini na dawa zinazokula figo. Kwangu, hicho kipimo cha damu kinastahili nafasi katika historia hii kama kisu cha Starzl.