Nyumba si Paa Peke Yake

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu nyumba.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, wakikimbia vita nchini Rwanda. Kwa muda wa siku moja hivi waliingia Ngara watu wapatao 250,000. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya ujenzi.

Je, walilala wapi? Walikata fito, wakazifunika kwa nyasi na maturubai ya plastiki. Mji mkubwa ukasimama kwa siku chache, na miti ya vilima vya jirani ikateketea kwa fito na kuni.

Desemba 1996 Serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Mji wa maturubai ukatoweka.

Sasa fikirini. Kibanda kilikinga mvua, lakini mwenyewe hakujua atalala humo hadi lini. Hata mpangaji wa mjini asiyeimudu kodi ana shaka kama hiyo: paa analo, bali mwezi ujao haujui. Ndiyo maana mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, iliundwa sheria ya Shirika la Nyumba la Taifa, lijenge nyumba za wananchi, zikiwamo za kupangisha.

Zungumzeni darasani: kwenu, mtu asiye na nyumba hukaa wapi? Andikeni sentensi tatu.