Je, Mtoto Wetu Ahudhurie Kumbukumbu ya Wanajeshi ya Alfajiri?



Ndugu wazazi na walezi, mwezi wa Aprili mwaka huu tulipigiwa simu na mama mmoja ambaye zamani alikuwa jirani yetu hapa Kampala. Asili yake ni Kongo, na mwanawe alisoma Juzuu Amma katika madrasa yetu. Sasa wanaishi Australia. Shule ya kijana ilimteua aweke shada la maua kwenye kumbukumbu ya wanajeshi, alfajiri ya tarehe 25 Aprili. Baba yake alikataa katakata. Alisema wanajeshi wale walikwenda kupigana na dola ya Khalifa, vipi mtoto wa Kiislamu awaheshimu? Mama naye aliogopa mtoto atatengwa na wenzake. Wakatutaka sisi tuamue.

Tukiri kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa: asiende. Lakini haraka haraka haina baraka. Tuliomba siku tatu tusome kwanza.

Baba yule hakusema uongo. Dola ya Uthmaniya iliingia katika Vita Kuu upande wa Ujerumani mwaka 1914, na mwezi wa Novemba jihadi ikatangazwa Istanbul. Waingereza na Wafaransa walitaka kupita mlango wa bahari wa Dardanelles waufikie mji huo na kuisaidia Urusi. Meli zao zilishindwa tarehe 18 Machi 1915. Ndipo tarehe 25 Aprili, kabla ya jua kuchomoza, askari wa Australia na New Zealand wakateremshwa ufukweni Gallipoli. Waliowapokea kwa risasi ni Waturuki waliokuwa wakilinda nchi yao. Mapigano yaliendelea mpaka Januari 1916, wavamizi walipomaliza kuondoka bila kufika Istanbul. Australia ilipoteza watu zaidi ya 8,000, New Zealand karibu 2,800. Upande wa Waturuki walikufa zaidi ya 80,000.

Lakini mambo hayakuwa Waislamu huku na makafiri kule. Katika jeshi la Ufaransa walikuwemo askari Waislamu kutoka Afrika Magharibi. Katika jeshi la Waingereza walikuwemo Waislamu wa Punjab, na mwezi wa Mei 1915 vikosi viwili vyenye Waislamu wengi viliondolewa Gallipoli, kwa sababu wakubwa wao walihofia kuwapiganisha na Waturuki. Maskini hawa hawakuulizwa wanampigania nani.

Tulisoma pia habari ya tarehe 24 Mei 1915. Maiti zilikuwa zimejaa kati ya mahandaki mpaka hewa haikuvutika. Pande zote mbili zikakubaliana kusimamisha vita kwa saa kadhaa ili kila upande uzike watu wake. Maadui wale walichimba makaburi wakiwa karibu karibu, jioni wakarudi kupigana.

Na kwa nini alfajiri? Askari walizoea kuamshwa kabla ya mapambazuko na kushika silaha, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya kushambuliwa. Waliorudi salama waliendelea kuikumbuka saa hiyo. Mjini Sydney ibada hii ilianza rasmi mwaka 1928. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja kabla, askari wastaafu walimkuta mwanamke mzee akiweka maua peke yake alfajiri kwenye mnara, nao wakasimama pamoja naye. Leo Waturuki nao, alfajiri ya siku hiyo hiyo, huwatembeza vijana wao katika njia waliyopita askari wa Kikosi cha 57 kwenda kuwazuia wavamizi.

Tukakumbuka kwamba Mtume wetu (S.A.W) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi, aliuliza kama huyo naye si nafsi. Basi jibu letu likawa hivi: aisali Alfajiri kwa wakati wake, asishiriki sala za dini nyingine, asimame kimya kwa adabu, na awajue waliokufa wa pande zote mbili. Habari ya shada tuliwaachia wazazi wake. Tunajua wako masheikh wasiokubaliana nasi, nasi tunawaheshimu.

Alhamdulillah, walikwenda wote wawili, baba na mwana. Siku ya pili kijana alitupigia mwenyewe. Alisema walisoma majina, mnarani pia yameandikwa majina, kisha akauliza: “Maalim, wa kwetu wameandikwa wapi?”

Hatukuwa na jibu zuri. Vita hiyo hiyo ilipiganwa Afrika Mashariki mwaka 1914 hadi 1918. Kutoka Uganda walikwenda askari wa kikosi cha nne cha King's African Rifles, na miongoni mwao Wanubi, Waislamu wenzetu. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza walikufa wapatao 95,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, tunaomba jambo moja. Kila mwanafunzi awaulize bibi na babu kama katika ukoo yuko aliyechukuliwa vitani asirudi. Alete jina lake madrasa, hata kama ni jina moja tu bila la baba. Tutaliandika daftarini, na kila Ijumaa baada ya sala ya Alfajiri tutayasoma majina hayo na kuwaombea dua Waislamu waliomo. Wazee wanaoyajua majina haya wanapungua kila mwaka. Msichelewe.

Wabillahi tawfiq.