Msonobari wa Yamaki

Bonsai ni mti uleao Wajapani katika chombo cha udongo kisicho na kina, wakiipogoa mizizi yake na kuyafunga matawi kwa waya, hata ukazeeka bila kurefuka. Msonobari mmoja wa namna hiyo ulianza kulelewa mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 ulikuwa nyuma ya ukuta kwa Masaru Yamaki, mjini Hiroshima, yapata kilomita 3 kutoka lilipolipuka bomu. Vioo vya nyumba vilipasuka, mti ukasalimika. Mwaka 1976 Yamaki aliutoa kwa Wamarekani, wenye bomu lile, uwe zawadi ya miaka 200 ya uhuru wao. Watunzaji wa Washington (na nani aliyestahili zaidi kuambiwa?) waliumwagilia maji miaka 25 wasijue, mpaka 2001, wajukuu wa Yamaki walipokuja kuutazama.