Kuagiza fimbo yako ya biliadi kwa fundi wa Lubumbashi: mambo ya kuchagua mbele ya kutoa feza

Mu baa mingi za Kenya, Katuba, Kamalondo ao Ruashi, meza ya biliadi haikose. Kitu chenye kinakosa ni fimbo ya muzuri. Fimbo ya baa imepita mu mikono ya kila mutu, ngozi ya ku ncha imeisha, na saa ingine imepinda kabisa. Njo maana wachezaji wengi wanatafuta fimbo yao wenyewe. Ile ya kutoka Ulaya ao Marekani inakuwa bei kali, na tena kuna usafiri na malipo ya mupaka. Lakini muji wetu uko na mafundi wa mbao na mafundi wa chuma tangu wakati wa Union Minière, yenye ilianza mwaka 1906. Fimbo ya kuagizwa hapa inawezekana, na bei inaweza kuwa ya kadiri, kama unajua kitu chenye unaomba.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Fimbo yangu ya kwanza niliagiza mu mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, na nikalipa feza yote siku moja. Mwezi wa saba, mu kiangazi, ilikuwa imepinda sawa ndizi. Fundi hakukuwa mwizi. Muti ulikuwa mubichi, na hakuna mwenye aliuliza.

Anza na meza, hapana na fimbo

Chukua mpira wa meza yenye unacheza zaidi, upime upana wake. Kama ni karibu milimita 57, hiyo ni mipira ya Kimarekani. Inazidi gramu 155 kila mumoja, na inaomba ncha ya milimita 12 na nusu mupaka 13. Kama mpira ni karibu milimita 51, hiyo ni mipira midogo ya Kiingereza, na ncha ya milimita 8 na nusu mupaka 9 na nusu inatosha. Ncha munene ku mpira mudogo inakuficha mahali pa kupiga. Ncha nyembamba sana ku mpira mukubwa inachoka mbio, na kosa kidogo ya mukono inaonekana sana.

Mambo hii moja tu inaamua upana wa sehemu yote ya juu. Usiende kwa fundi mbele ya kuipima.

Sehemu za fimbo

Fimbo ya vipande viwili iko na sehemu ya juu yenye inagusa mpira, na sehemu ya chini yenye unashika. Katikati kuna kiungo cha chuma. Ku ncha kuna pete nyeupe, kiisha ngozi. Chini kabisa kuna kipande cha mpira laini cha kulinda mwisho wa fimbo.

Urefu wa kawaida kwa biliadi ya Kimarekani ni karibu sentimita 147, na uzito kati ya gramu 510 na 595. Sheria za shirikisho la dunia, WPA, zinakataa fimbo ya chini ya sentimita 101, ya kupita gramu 708, ao yenye ncha ya kupita milimita 14. Kama uko mufupi ao baa yako iko na ukuta karibu na meza, unaweza kuomba sentimita 140. Hiyo haivunje sheria, na itakusaidia kuliko mapambo yoyote.

Muti: hapa njo feza inapotea

Ku Marekani sehemu ya juu inatengenezwa na muti wa maple. Ku Uingereza wanapenda ash. Miti hii haiote mu pori yetu ya miombo. Njia ya bei ya chini ni hii: tafuta fimbo ya zamani ya baa yenye ingali imenyooka, hata kama ngozi na pete zimekufa. Ule muti umekwisha kukauka miaka mingi. Fundi anaukata, anachukua sehemu ya juu, na anakutengenezea sehemu ya chini mupya. Hata ku Marekani watu wanafanya vile: wanageuza fimbo ya baa kuwa fimbo ya vipande viwili.

Kwa sehemu ya chini, mulombwa ni chaguo ya muzuri. Haigeuke sana wakati hewa inabadilika, na mafundi wetu wanaijua juu ya vitanda na milango. Hauhitaji ubao muzima: kipande cha sentimita 75 kwa 4 kwa 4 kinatosha, na mara mingi fundi anakuwa nacho kati ya mabaki. Mwisho wa chini unakuwa na upana wa karibu milimita 32, na ku kiungo karibu milimita 21.

Mukula ni mwekundu, ni muzito, na wengi wanaipenda juu ya rangi. Lakini ujue: muti huo ulikatwa sana mu Katanga juu ya kuuzwa Chine, na tangu mwaka 2019 uko mu orodha ya mapatano ya CITES. Mwaka 2022 miti yote ya jamaa yake mu Afrika, pamoja na mulombwa, iliingizwa pia. Biashara ya kuipitisha ku mupaka inaomba kibali. Uliza fundi mbao ilitoka wapi. Kama ni mabaki ya kazi yake ya zamani, hapo haiko muti mupya wa kukatwa juu ya mapambo yako.

Angalia mistari ya ndani ya muti. Inapashwa kwenda mulalo kutoka mwisho mupaka mwisho, bila kuzunguka wala fundo. Kiisha uliza kama imekauka. Usiamini neno tu: pima kipande ku mizani ya duka, ukiandike, urudi kukipima kila juma. Wakati uzito hauteremuke tena, muti uko tayari.

Na usimuharakishe fundi. Kazi ya muzuri inafanywa kwa hatua: anakata munene, anaacha muti upumuzike majuma mawili ao matatu, anakata tena, anaacha tena. Kama ni siku moja tu, muti utajipinda nyuma, na wewe umekwisha kulipa. Ongeza hapo siku za umeme kukatika, maana mashini ya kuzungusha muti haitembee bila umeme. Ukiagiza leo, hesabu miezi miwili.

Kiungo cha chuma

Kazi hii ni ya fundi wa chuma, haiko ya fundi wa mbao. Omba bulo yenye nyuzi ya chuma kigumu, na nyumba yake ya shaba ya manjano. Shaba ya manjano ni shaba na zinki, na Katanga iko na zote mbili. Zinki ya Kipushi inajulikana tangu zamani. Haishike kutu na inakatika vizuri ku mashini.

Jambo la kuangalia ni moja: wakati vipande vimefungwa, nyuso mbili zigusane pande zote. Weka kiungo mbele ya taa. Ukiona mwangaza unapita, rudisha.

Uzito na mizani

Mulombwa ni nyepesi kuliko mukula, njo maana fimbo inaweza kutoka chini ya gramu 500. Fundi anaweza kutoboa mwisho wa chini na kuingiza bulo ya chuma. Omba bulo yenye inaweza kutoka, ili ujaribu mbili ao tatu. Kiisha weka fimbo juu ya kidole kimoja: inapashwa kusimama sawasawa karibu sentimita 46 mupaka 48 kutoka mwisho wa chini. Kama iko muzito sana chini, mukono wako utachoka mbele ya mchezo kuisha.

Ngozi na mushiko

Ngozi ya ku ncha ilianzishwa na Mufaransa François Mingaud mwanzoni mwa karne ya 19, na ilibadilisha mchezo, maana sasa mpira unaweza kuzungushwa namna unataka. Usiibanie hapa. Ni kitu kidogo, lakini njo chenye kinagusa mpira. Ngozi ngumu inadumu zaidi. Ngozi laini inashika mpira muzuri lakini inaisha mbio. Ya kati ni sawa kwa mutu mwenye anaanza.

Mahali pa kushika, unaweza kuacha muti tupu na mafuta, kufunga uzi, ao kufunga ngozi. Muti tupu haubei kitu. Kama mikono yako inatoka jasho, chagua uzi.

Kugawanya feza

Tuseme uko na dola 40. Weka karibu 15 juu ya kiungo, 10 juu ya muti na fimbo ya zamani, 10 juu ya kazi, na 5 juu ya ngozi na pete. Mapambo, jina lako na rangi vinakuja nyuma, kama feza ingali. Bei za mafundi hazifanane. Lakini kama mutu anakuomba nusu ya feza juu ya mapambo, anakuuzisha sura.

Andikeni karatasi moja, hata kwa mukono: urefu, uzito, upana wa ncha, aina ya muti, tarehe, na nani anatengeneza upya kama inapinda mbele ya miezi sita. Lipa mara tatu: ya kununua vitu, ya katikati, na ya mwisho wakati umejaribu. Ongea na papa fundi kwa heshima. Karatasi inalinda yeye pia.

Siku ya kupokea, zungusha kila kipande peke yake juu ya meza, kiisha fimbo nzima. Kama mwangaza unaruka-ruka chini yake, imepinda. Piga mipira kumi. Sikiliza: sauti ya kutikisika ni kiungo ao pete yenye haikushikwa na kole.

Kiisha, chunga yako. Usiisimamishe ku ukuta, usiiache mu gari ku jua, ipanguse na kitambaa kikavu. Ya kwangu ya pili, ya mulombwa na fimbo ya zamani ya baa, imekwisha kupita mvua mbili na kiangazi mbili. Ingali inazunguka juu ya meza bila kuruka.