Goma: Nani anapokea mutoto wa kwanza?

Wandugu, tukumbuke kidogo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilikata muji wa Goma katikati. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikalipuka tena usiku, watoto wengi wakapotezana na wazazi. Mara zote mbili watu walikimbilia hata Sake, na mbele mahema ya ma-ONG yafike, familia za kule, wamama wa parokia na wa likelemba walishawapokea na kuwapikia. Lakini sisi wa agronomia tunajua: maharagi yale mara mingi ni mbegu ya kupanda. Mahema yanahesabiwa katika ripoti, mbegu ile hapana. Tukisaidia mutoto aliyekimbia, tusaidie pia mama aliyemupokea. Akikosa cha kupanda, msimu unaofuata naye ataomba.